Maabara Zimejengwa, Majaribio Je?
Mwaka 2014 wananchi wa kata nyingi nchini Tanzania walichangia fedha, mchanga na kokoto ili kila sekondari ya kata iwe na maabara 3: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Lilikuwa agizo la Rais Jakaya Kikwete, na watu waliitikia kwa kujinyima.

Lakini jengo peke yake halifundishi. Maabara inataka maji, kemikali za kununuliwa kila mwaka, na fundi wa kuandaa majaribio. Pasipo hayo, mwanafunzi hukariri rangi ya mmumunyo asiowahi kuuona. Akifika kidato cha tatu, anapochagua kuendelea na fizikia na kemia au kuziacha, huziacha. Hapo ndipo tunapowapoteza madaktari na wahandisi wa kesho, hasa wasichana walioambiwa mapema kwamba masomo hayo si yao. Inauma.

Wapo walimu wasiosubiri. Huwaonyesha wanafunzi kwamba maji ya rozela hukolea wekundu yakitiwa ndimu, na hugeuka kijani yakitiwa magadi. Kipimo cha asidi na besi kimepatikana sokoni. Walimu hao tuwapongeze, ila ubunifu wao usiwe kisingizio cha kuwanyima vifaa. Halmashauri zinapopanga bajeti, fungu la kemikali lisimame peke yake, lisimezwe na chaki na karatasi. Na mzazi, kwenye kikao cha shule, baada ya kuuliza habari za ada ya chakula, aulize na hili: mara ya mwisho watoto wetu wamefanya jaribio lini?