Ngwe ya Mhariri: Juu ya Kuwapata Wahariri wa Kujitolea katika Tovuti za Habari za Jamii

Tovuti ya habari ya jamii ni chombo kinachoendeshwa na watu wa mahali fulani, au na watu waliounganishwa na lugha, kazi au suala moja, ambao wenyewe ndio waandishi, wenyewe ndio wasomaji, na mara nyingi wenyewe ndio wanaochanga fedha za kulipia seva, yaani kompyuta inayohifadhi kurasa na kuzifikisha kwa wanaozihitaji. Vyombo vya namna hii huzaliwa kwa shangwe, na vingi hunyamaza kabla havijazoeleka. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kinachovinyamazisha aghalabu si upungufu wa habari wala wa waandishi, bali ni upungufu wa wahariri, na kwamba wahariri hupungua kwa sababu hutafutwa kwa njia ileile wanayotafutwa waandishi, ilhali kazi hizo mbili hazivuti watu wa tabia moja wala haziwachoshi kwa namna moja.

Uhariri, kama unavyotumika hapa, unakusanya kazi nne ambazo katika gazeti kubwa hugawanywa kwa watu tofauti: kuchagua kipi kiingie, kuhakiki kama kilichoandikwa ni kweli, kusanifu lugha, na kuidhinisha, maana yake kubeba dhamana ya kwamba habari hiyo sasa ni ya chombo kizima. Ya kwanza kati ya hizo ndiyo iliyowashughulisha mapema wanazuoni wa mawasiliano. Mwaka 1950 David Manning White wa Marekani alichunguza maamuzi ya mhariri mmoja wa gazeti aliyepokea habari kutoka mashirika ya habari, akamwita mlinzi wa lango, na akaonyesha kwamba mhariri yule alikataa takribani sehemu 9 katika kila 10 za yaliyomfikia, mara nyingi kwa sababu zilizotokana na maoni na uzoefu wake mwenyewe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya mhariri ni kukataa. Mhariri wa kuajiriwa hukataa akiwa nyuma ya ngao ya cheo na sera ya kampuni, lakini mhariri wa kujitolea katika mtaa au wilaya humkatalia mtu atakayekutana naye msibani, msikitini, kanisani au kwenye mkutano wa wazazi, tena bila mshahara wa kumfariji. Tangazo la kutafuta wahariri linaloficha jambo hili humwalika mtu kwenye kazi tofauti na ile atakayoikuta.

Utaratibu wa wananchi kuandika na wachache kuhariri hauanzi na intaneti. Mambo Leo, jarida la kila mwezi lililoanzishwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1923, lilipokea habari za miji kutoka kwa wasomaji, wengi wao walimu na makarani, ambao waliandika juu ya mvua, mavuno, safari za wakubwa na vifo vya watu wao. Lakini neno la mwisho lilibaki ofisini Dar es Salaam. Hata OhmyNews ya Korea Kusini, iliyofunguliwa na Oh Yeon-ho tarehe 22 Februari 2000 ikiwa na waandishi wananchi 727 na kauli kwamba kila raia ni ripota, iliwaweka wahariri wa kulipwa wazisome na kuzihakiki habari za raia hao kabla ya kuzipa nafasi. Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyofanywa na wanaoisifu OhmyNews, kwa sababu waliotangaza kwamba kila raia ni ripota hawakutangaza kwamba kila raia ni mhariri.

Mtandao wa Indymedia, uliozaliwa Seattle mnamo Novemba 1999 wakati wa maandamano dhidi ya mkutano wa Shirika la Biashara Duniani, ulichukua njia ya pili, ile ya uchapishaji huria, ambapo yeyote aliweza kuweka habari moja kwa moja bila kupita kwa mtu. Lango lilipoondolewa, kazi ya mlinzi haikuondoka, ila ilihamia nyuma ya lango: vikundi vya kujitolea vililazimika kufuatilia yaliyokwisha kuchapishwa, kuficha matusi na maneno ya chuki, kufagia matangazo taka, na kuteua machache ya kuwekwa mbele ya ukurasa. Kufagia usiku na mchana ni kazi nzito kuliko kukagua mlangoni, na vikundi vingi vilichoka.

Wikinews, tovuti ya habari iliyoanzishwa mwishoni mwa mwaka 2004 na wakfu uleule unaosimamia Wikipedia, inatoa funzo la karibu zaidi. Katika toleo lake la Kiingereza uliwekwa utaratibu kwamba habari isihesabiwe kuwa imechapishwa mpaka ihakikiwe na mhakiki ambaye hakushiriki kuiandika, na sharti hilo ni la haki kabisa, maana macho ya aliyeandika hayaoni kosa lake. Lakini habari huchacha. Makala ya kamusi elezo ikingoja mhakiki kwa wiki mbili haipotezi kitu, wakati habari ya mkutano wa jana ikingoja siku chache tu hugeuka historia, na makala nyingi za Wikinews zilifutwa zikiwa foleni kwa sababu hiyo tu. Mwandishi aliyeona jasho lake likichacha hivyo mara mbili hana sababu ya kurudi mara ya tatu. Kwa hiyo mhariri mmoja akikosekana, wanaopotea ni waandishi kadhaa.

Kwa nini basi watu wanaokubali kuchimba mtaro wa maji bila malipo hukimbia meza ya uhariri? Jibu linaweza kutafutwa katika msaragambo, kama kazi ya pamoja inavyoitwa katika sehemu za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Mwenye kwenda msaragambo anajua siku yenyewe, anajua wenzake watakuwepo na wataonekana, na zaidi ya yote anajua ngwe yake, yaani kipande kilichopimwa ambacho akikimaliza amemaliza, anaweza kufuta jembe na kurudi nyumbani bila deni. Tovuti nyingi humwita mhariri kwenye shamba lisilo na mpaka. Humwambia afanye anapopata nafasi, na maneno hayo yanayosikika kuwa ya huruma huwa na maana ya kwamba hatapata saa ya kupumzika bila kujiona mkosaji, huku simu yake ikilia kila jioni kwa habari mpya.

Mwaliko wenye heshima kwa mhariri wa kujitolea, kwa hiyo, hutaja ngwe: zamu moja ya jioni kwa wiki, au habari tano na si zaidi, au usanifu wa lugha peke yake bila uhakiki, kwa miezi minne inayokwisha kwa tarehe inayojulikana. Hutaja pia mwenzake, kwa kuwa habari inayoidhinishwa na wawili hugawa lawama ya kukataa, na mwandishi aliyekataliwa huambiwa kwa ukweli kwamba meza ndiyo iliyokataa. Ni kweli kwamba mgawanyo huo unahitaji watu wengi zaidi, na mwanzoni huonekana kuwa anasa kwa tovuti yenye watu sita. Lakini mtu mmoja aliyebebeshwa kazi ya wanne hudumu muda mfupi, na akiondoka huondoka na kazi zote nne.

Mahali pa kuwatafuta watu hao ni karibu kuliko inavyodhaniwa. Katika kila jamii ya wasomaji wapo wanaohariri bila cheo: mwalimu mstaafu anayetuma ujumbe kusema kwamba jina la kijiji limekosewa, karani anayeeleza kwamba mshtakiwa si mfungwa, muuguzi anayeona kwamba takwimu za chanjo zimesomwa kinyume. Mara nyingi wenye tovuti huwaona watu hawa kama wasumbufu, na hilo ni kosa la kusikitisha, kwa kuwa tabia ya kuumizwa na kosa dogo haifundishwi kirahisi, hali ufundi wa kuendesha programu ya kuchapisha hufundishwa kwa alasiri mbili. Mtu wa namna hiyo huombwa kwa jina, akionyeshwa sahihisho alilolituma na jinsi lilivyobadili habari, kisha hupewa habari moja iliyokwisha kuhaririwa, aihariri upya bila kuona ya mwenzake, na tofauti za kazi hizo mbili zijadiliwe.

Kwa tovuti za Kiswahili kuna swali la ziada ambalo halipaswi kuachwa mpaka ugomvi utokee, nalo ni kwamba mhariri analinda Kiswahili kipi. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania limekuwepo tangu mwaka 1967, na usanifu una manufaa yake kwa chombo kinachosomwa Mwanza na Mombasa kwa pamoja. Hata hivyo, mhariri anayefuta kila neno la Kimvita kutoka kwa mwandishi wa Mombasa, au kumrekebisha mwandishi wa Lubumbashi mpaka asijitambue, hufukuza sauti ambazo tovuti ilianzishwa kwa ajili yake. Dawa yake ni kuwachagua wahariri kutoka pande mbalimbali za lugha, wala si kuandika mwongozo mrefu zaidi.

Jambo zito kuliko yote huja mwishoni kwa sababu ndilo linalofichwa zaidi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka watoa maudhui wapate leseni na ziliwawekea wajibu juu ya yanayochapishwa; mwaka huohuo Kenya ilipitisha sheria ya uhalifu wa mtandaoni iliyoweka adhabu kwa uchapishaji wa taarifa za uongo. Anayeombwa kuidhinisha habari ana haki ya kuambiwa, kabla hajasema ndiyo, leseni iko kwa jina la nani, nani atakayeitwa polisi habari ikilalamikiwa, na wakili yupi amekubali kupokea simu. Ana haki pia ya kuelezwa jinsi ya kutoka: nywila za seva ziko kwa watu wangapi, jina la tovuti limesajiliwa kwa chama au kwa mtu binafsi, na nani atapokea zamu yake miezi minne ikiisha. Tovuti isiyoweza kumjibu maswali hayo ianze kwa kuyatafutia majibu, ndipo imwite.