Kusikiliza Kwanza

(Hotuba ya mratibu wa miradi ya dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika)



Ndugu wajumbe, nanyi wafadhili wetu wapendwa, nataka tuzungumze juu ya simu.

Mwaka 1953 kasisi wa Anglikana, Chad Varah, alianzisha katika kanisa la St Stephen Walbrook, London, huduma ya simu kwa watu waliotaka kujiua. Ndiyo Samaritans ya leo. Punde aligundua kuwa wengi walifarijika kwa kuzungumza na wajitoleaji waliowapa chai wakisubiri zamu yao, hata kabla ya kumwona yeye.

Tarehe 4 Machi 1974, katika jiji hilo hilo, watu wa mapenzi ya jinsia moja walianzisha simu yao, Switchboard, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la vitabu eneo la King's Cross. Sheria ya 1967 ilikuwa imeondoa adhabu kwa wanaume wa miaka 21 na zaidi, tena faraghani tu; wengi waliendelea kukataliwa nyumbani na kazini. Wajitoleaji walipokea simu kwa zamu na kuandika kitabuni, ili wa zamu inayofuata ajue la kufanya. UKIMWI ulipoingia miaka ya 1980, wengi waliuliza huko kwanza. Huduma hiyo ingali hai, na wanaopokea simu bado wanajitolea.

Msimamo wa KKKT juu ya ndoa mnaufahamu. Tamko la Dodoma lilitolewa mwaka 2010. Sikuja kuujadili. Nauliza hili: kijana wa usharika aliyefukuzwa na baba yake kwa sababu hiyo, na sasa anawaza kufa, akimpigia mzee wa kanisa saa sita usiku, atajibiwa nini? Nchini kwetu sheria ina kifungo kirefu. Siri yake ikivuja, anaweza kupoteza zaidi ya heshima.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mtu huficha anapokosa wa kumwambia.

Naomba kila usharika uteue watu wawili wanaojua kutunza siri. Wafundishwe kusikiliza bila kuhoji jina wala kuanza na mahubiri. Wafadhili, gharama yake ni mafunzo, simu moja na vocha.

Yule Msamaria hakumuuliza majeruhi habari zake. Alimfunga majeraha kwanza.