Uvimbe wa Ubongo: Upigwe Picha Ipi?
Msikilizaji wa Mutomo au Wote, kichwa kinachouma zaidi alfajiri pamoja na kutapika, au kifafa kilichoanza ukubwani, usikitulize kwa vidonge vya dukani. Nenda hospitali, kwani huenda ni dalili ya uvimbe wa ubongo.

Huko, mara nyingi uchunguzi huanza na CT skani. Inatumia eksirei, huchukua dakika chache, na huonyesha upesi damu iliyovuja au uvimbe mkubwa. Mgonjwa wa kwanza kupigwa picha hiyo, London mwaka 1971, alishukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo. Lakini uvimbe mdogo, hasa wa kisogoni, huweza kuikwepa CT. Hapo MRI ni bora: inatumia sumaku, haina mionzi, ila ni ghali, ina makelele, na huchukua nusu saa au zaidi. Mwenye chuma mwilini aseme mapema. Ukipewa rufaa Hospitali ya Kenyatta, beba picha za awali.