Alama ya Mkono Ukutani

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali)



Katika jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani, upo mji uitwao Jim Thorpe, ambao hadi mwaka 1954 ulijulikana kwa jina la Mauch Chunk. Mji huo ulikuzwa na makaa ya mawe. Humo imesimama jela ya mawe iliyotumika mpaka mwaka 1995, na ambayo sasa ni jumba la makumbusho. Wageni hulipa kiingilio, na wengi wao hutaka hasa kukiona chumba nambari 17. Ukutani mwake ipo alama ya kiganja. Inasimuliwa kwamba mfungwa mmoja, alipokuwa akingoja kunyongwa, aliubandika mkono wake hapo na kuapa kwamba alama ile haitafutika, iwe shahidi kuwa hakuwa na hatia. Inasimuliwa pia kwamba walioisugua na kuipaka rangi walishindwa. Ndiyo sababu watu husema jela ile ina mizimu.

Mimi sikuja kubishana juu ya mizimu. Nimekuja kuuliza ni nani aliyewanyonga watu wale.

Wengi wa wachimbaji wa huko walikuwa wahamiaji maskini kutoka Ayalandi. Kazi yenyewe ilikuwa kifo: tarehe 6 Septemba, 1869, moto ulizuka katika mgodi wa Avondale, wenye njia moja tu ya kutokea, na watu 110 wakafa. Mwaka 1875 wachimbaji waligoma kwa miezi mingi kupinga kupunguzwa mishahara. Walishindwa kwa njaa, na chama chao kikavunjika.

Sisemi kwamba upande wao wote ulikuwa wa malaika. La hasha! Manyapara na wasimamizi wa migodi waliuawa kweli, na damu yao ilistahili haki. Lakini haki ile ilitafutwaje? Franklin Gowen, mkuu wa kampuni ya reli iliyomiliki pia migodi, alikodi wapelelezi wa Pinkerton mwaka 1873. Mmoja wao, James McParland, aliishi miongoni mwa wachimbaji kwa jina la uongo, kisha akawa shahidi mkuu. Polisi waliowakamata washitakiwa walilipwa na makampuni. Mawakili wa makampuni ndio walioendesha mashitaka, na Gowen mwenyewe alisimama mahakamani kama mwendesha mashitaka. Serikali ilitoa nini? Ilitoa ukumbi, hakimu na kitanzi.

Wahenga walituonya tusiipeleke kesi ya nyani kwa ngedere. Tarehe 21 Juni, 1877, watu kumi walinyongwa kwa siku moja: sita mjini Pottsville, na wanne ndani ya jela hii ya Mauch Chunk. Kufikia mwaka 1879 walikuwa wamefika ishirini. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1979, Gavana wa Pennsylvania alimsamehe mmoja wao, John Kehoe. Msamaha ni jambo jema, lakini haumfufui mtu.

Ndugu walimu, mwanafunzi akisikia habari za mkono ule atauliza kama ni kweli haufutiki. Msimcheke. Mshikeni swali lake, mkamfundishe kuuliza na la pili: nani alimlipa mpelelezi, na nani alimlipa polisi?

Nanyi ndugu watumishi, hapana budi tukumbuke kwamba dhuluma ile haikutendwa gizani. Ilikuwa na majalada, sahihi na mihuri, na kila karani alifanya kazi yake kwa utaratibu. Serikali inapoazima muhuri wake kwa mwenye mali, mnyonge hana pa kukimbilia ila ukutani. Alama ya aina hiyo, rangi haiwezi kuifunika.