Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Lamu)





Sote twaujua uwanja wa ndege wa Manda. Ni uwanja mdogo, tena hauko Lamu penyewe, uko kisiwa cha pili, ng'ambo ya mkondo. Mgeni akishuka, hamali huchukua mzigo wake mpaka gatini, kisha mashua humvusha mpaka mjini au Shela. Huko yuko mpishi, dobi, mtandika vitanda na mlinzi wa usiku. Hakuna mgeni afikaye kitandani asipitie mikononi mwetu.

Husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami nauliza: je, amepona nani?

Mwaka 2011 wageni walipotekwa nyara Kiwayu na hapa Manda, serikali za Ulaya ziliwaonya watu wao wasije. Mwaka 2020, kwa ugonjwa wa korona, ndege za abiria zilisimama. Za ndani ya nchi zikaanza tena tarehe 15 Julai. Na kila mwaka masika yakishika, baadhi ya hoteli hufunga milango. Kila mara, wa kwanza kuambiwa "nenda nyumbani" ni kibarua.

Ndugu zangu, mvua hatuwezi kuizuia, wala maradhi. Lakini jambo moja twaliweza. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi siku za mfululizo zitimizazo mwezi mmoja, huyo si kibarua tena, ni mfanyi kazi wa mwezi. Ana haki ya siku moja ya kupumzika kila juma kwa malipo. Akitimiza miezi 2, haki zake ni sawa na za aliyeandikwa kwa mwezi tangu mwanzo, na haachishwi bila notisi ya siku 28 kwa maandishi. Tajiri akikuita kibarua mwaka wa tatu huu, jina hilo haliibadili sheria.

Basi nunua daftari. Andika kila siku uliyofanya kazi na kila shilingi uliyolipwa, kisha ulete chamani. Kujiunga na chama ni haki yako katika Katiba ya 2010, kifungu cha 41. Mmoja akienda kudai peke yake, huambiwa kesho hakuna kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wageni na waje. Na sisi tupone.