Kitabu cha Kusoma: Peponi



Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi habari za kitabu kimoja cha hadithi, nacho chaitwa Peponi. Mtungaji wake ni Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, akapata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Alikitunga kwa Kiingereza, kikatolewa mwaka 1994; nasi tulingoja miaka 28 kabla ya kukipata kwa Kiswahili, alipokifasiri Bibi Ida Hadjivayanis, kikatolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022.

Wako watu wadharauo kitabu kilichofasiriwa. Wasema ni kiporo kilichopashwa moto. Mimi sikubaliani nao. Shaaban Robert alifasiri mashairi ya Omar Khayyam, na Mwalimu Nyerere alifasiri mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar mwaka 1963, wala hapana aliyedhani kuwa wamepungukiwa na maneno yao wenyewe. Tena watu waliomo katika hadithi hii ni wa pwani yetu na wa bara yetu. Hata kwa Kiingereza, msomaji wa huku hutambua kuwa mazungumzo yale hayakuwa ya Kiingereza.

Habari yenyewe ni ya zamani za Wajerumani, kabla ya vita vya 1914. Yusuf ni mtoto wa miaka 12. Huja kwao tajiri mmoja, Aziz, ambaye mtoto amezoea kumwita kwa jina la ujamaa, na kila ajapo humpa sarafu. Siku moja huondoka naye kwa gari la moshi. Yusuf adhani anakwenda kutembea. Afikapo pwani hutiwa dukani pamoja na kijana aitwaye Khalil, na huyo ndiye amwelezaye kuwa yule si jamaa yake hata kidogo: baba yake ana deni, naye Yusuf ni rehani.

Hapo nawaomba msimame kidogo. Kwa Kiingereza ndugu wa baba na ndugu wa mama wana jina moja. Kwetu ami ni mwingine na mjomba ni mwingine, na kila mmoja ana mahali pake nyumbani. Mfasiri hana budi kutwaa moja. Alilolitwaa mtaliona wenyewe. Lakini lolote liwalo, sisi huumia zaidi, maana neno la damu limefanywa kifuniko cha deni. Mwanafunzi wangu mmoja, mwalimu wa kesho, alifika hapo akauliza, “Je, baba yake alijua?” Darasa zima likanyamaza. Wako watoto hata leo wapelekwao mjini kwa mtu aitwaye shangazi, wakapewa ufagio badala ya daftari, na darasani mwetu yumkini wamo waliokua hivyo.

Sura za msafara wa bara ni ndefu, na msomaji mwenye haraka atataka kuziruka. Asiziruke, humo ndimo Yusuf ajifunzapo bei ya watu. Mwisho wake siusemi. Nitasema tu kwamba mlango hufunguka, na kijana hana budi kuchagua upesi, na wanafunzi wangu wangali wakibishana kama alichagua vema.