Shamba la Msimu Mmoja

Bwana shamba akifika kijijini huja na ushauri mzuri: chimbeni makinga-maji, wekeni samadi, pandeni miti. Mkulima anaitikia kwa kichwa, kisha hafanyi. Tunamwita mbishi.

Kumbe shamba si lake, amelikodi kwa msimu mmoja. Samadi aliyoibeba kichwani leo itazaa zaidi mwaka wa pili na wa tatu, na hapo mwenye shamba, akiona udongo umenona, hupandisha kodi au hulitaka shamba lake. Miti ndiyo usiseme. Mpangaji hukatazwa kupanda hata mwembe mmoja, kwa kuwa aliyepanda mti kesho atadai ardhi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Namba 5 ya mwaka 1999, imeleta hati ya hakimiliki ya kimila, na mwanamke akapewa haki sawa na mwanamume. Ni jambo jema. Lakini hati hiyo huandikwa jina la mwenye shamba.

Na wenye mashamba wengine ni sisi tulioko mjini. Mimi ninazo ekari tatu kwetu, na kila mwaka tulikuwa tunapatana kwa mdomo tu. Safari hii nimemwandikia mpangaji wangu miaka mitano, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Ameniuliza kama anaweza kuchimba makinga-maji.